Kifuko Kilichopakwa Mafuta ya Kondoo

Nilikikata kifuko cha bastola cha ndugu yangu Jumapili moja asubuhi, juu ya meza ya mama, kabla watu hawajavaa kwenda kanisani. Nilikikata kwa kisu changu cha kazi, kuanzia mdomoni mpaka chini. Nasema haya mwanzoni kwa sababu kwetu Kanja, huko Embu, habari hiyo imezunguka sana, na kila anayeikumbuka huniuliza kama nimetubu.

Sijatubu. Nilichokuwa nakitetea ni paja la kulia la ndugu yangu na ule mshipa mkubwa wa damu unaopita ndani yake. Paja hilo lipo mpaka leo, zima, limekalia benchi la mbele kanisani. Mimi ndiye ninayeombewa.

Mimi ni fundi wa ngozi, na kibanda changu kiko Timau. Nilifika huko nikiwa msichana wa kuvuna maua kwenye zile nyumba za plastiki. Kifua changu kikazikataa dawa wanazopuliza, nikatafuta kazi kwenye shamba la ngano la jirani lililokuwa na farasi, nikapewa kufagia chumba cha matandiko ya farasi hao. Humo alikuwamo mzee mmoja Mmeru aliyekuwa akishona matandiko kwa sindano mbili kwa wakati mmoja, mtu mkali, mchache wa maneno. Nilimtazama karibu mwaka mzima nikiwa na ufagio mkononi. Siku moja akanitupia msharasi wa kutobolea ngozi, akasema, "Hiyo macho yako inanichokesha. Kuja ushone." Sikupata cheti kingine zaidi ya hicho.

Watu hudhani kazi ngumu kwenye ngozi ni kushona. Kushona ni mikono na subira. Kazi ngumu ni maji.

Ngozi yenyewe iwe ile iliyoivishwa kwa magome ya muwati, si hii ya dukani iliyotiwa kemikali, ambayo ukiilowesha hubaki kama kitambaa. Unakata vipande viwili, unavigundisha, unashona kwa uzi uliopakwa nta. Kisha unakizamisha kifuko chote kwenye maji ya vuguvugu mpaka mapovu yaishe. Ukikitoa unasubiri. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, maana hawana subira. Unasubiri mpaka rangi yake ya kwanza ianze kurudi, na ukikiweka shavuni ukisikie baridi lakini kisikulowanishe. Sasa ndipo unaitia bastola, ikiwa tupu, imeviringishwa kwa plastiki nyembamba, na unaanza kukanda kwa vidole gumba. Mimi hutumia pia ubavu wa ng'ombe nilioulainisha kwa msasa. Unafuata kila bonde na kila ukingo wa ile bastola mpaka ngozi iijue. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo Waswahili wasemavyo, na sijui msemo unaofaa zaidi kazi yangu. Halafu unaitoa bastola polepole, unakiacha kifuko kikauke kivulini. Kwingine siku mbili zatosha. Timau, kwa ile baridi ya mlima, huchukua nne, wakati mwingine tano.

Kuna bwana mmoja, meneja wa shamba, aliyeona siku tano ni nyingi. Alikichukua kifuko chake kikiwa bado na unyevu akakianika juu ya jiko. Kilirudi kwangu kimepasuka kama kisigino cha mtu anayelima bila viatu, naye akiuliza kwa nini nilimpa ngozi mbovu. Nilimfukuza kibandani. Naambiwa hasira yangu ni ya karibu. Ni kweli, lakini haiji bila kuitwa.

Kikikauka vizuri, kifuko huwa kigumu kama kwato. Ukikigonga kwa kucha kinalia. Na mdomo wake, hata bastola ikiwa haimo, unabaki wazi kama mdomo wa kikombe. Nataka msomaji alielewe jambo hili moja, maana ndilo lililonigombanisha na nyumba yetu. Mtu mwenye bastola huirudisha kifukoni kwa mkono mmoja, bila kutazama. Mdomo ukiwa umelegea, ukingo wa ngozi hujikunja na kuingia pamoja na bastola, moja kwa moja kwenye lile tundu la kidole, pale kwenye kifyatulio. Mtu anasukuma chini, ngozi inavuta kifyatulio, na risasi inashuka pajani. Ngozi imekuwa kidole.

Kinachoulegeza mdomo ule upesi kuliko kitu chochote ni mafuta.

Ndugu yangu ni kitinda mimba, mimi ni kifungua mimba. Nilimbeba mgongoni kabla sijajua kusoma. Yeye hununua mafahali sokoni Muthara na kwingineko huko juu, huwaleta Embu kuwauza. Kazi ya namna hiyo ina maadui. Kuna watu waliwahi kumsimamisha njiani wakamvunja mfupa wa bega kwa rungu, wakamwacha kwenye mtaro. Mama hakulala vizuri baada ya hapo. Kwa hiyo ndugu yangu alipoomba kibali cha bastola, akazungushwa ofisi hii na ile, hatimaye akapewa, hakuna aliyefurahi kuliko mama. Hata mimi nilifurahi. Sitaki ionekane kana kwamba nilimwonea wivu.

Alikuja Timau na bastola yake kwenye kifuko cha turubai alichokinunua mjini. Bastola ilikuwa ikiogelea humo kama mguu wa mtoto kwenye gambuti ya baba yake.

"Sista, nishonee kitu kali," akasema. "Kitu watu wakiona, wanajua."

"Wanajua nini?"

"Wanajua tu."

Nilimwambia anayetaka watu wajue ameibeba ndiye atakayenyang'anywa. Akacheka. Ana kicheko kizuri, na kimemtoa kwenye mengi ambayo wengine tungechapwa. Ilibidi akae pale kibandani siku nzima, kwa sababu bastola haiachwi kwa fundi kama kiatu, mwenyewe lazima aikalie. Akakaa amejifunga blanketi langu, risasi zikiwa mfukoni mwake, akilalamikia baridi na kuniuliza kila baada ya dakika tano kama bado. Nilikanda mpaka vidole gumba vikafa ganzi. Sijawahi kukanda kifuko kingine vile. Nilikaza hasa pale kwenye kifyatulio, nikaweka kipande cha ngozi cha ziada mdomoni ili usianguke kamwe.

Alipokuja kukichukua wiki iliyofuata nilimpa masharti. Kisikaribie moto. Kisiloweshwe. Kisipakwe mafuta.

"Hata polishi ya viatu?"

"Hata polishi. Mafuta ya aina yoyote. Ngozi hii nimeifundisha umbo. Ukiipaka mafuta itasahau."

"Sawa, mwalimu," akasema, na akapiga saluti.

Sasa nimlete mama. Mama yetu ni mjane, na ni mama wa kanisa, kitambaa chake cha chama cha akina mama hupigwa pasi kuliko nguo nyingine yoyote nyumbani. Hanywi hata ile soda nyeusi. Lakini nyuma ya masufuria yake kuna kibuyu kidogo cha mafuta ya kondoo dume, na kibuyu hicho ni kizee kuliko ndoa yake. Kwetu mafuta hayo ndiyo baraka yenyewe. Mtoto akizaliwa hupakwa. Msichana akiolewa hupakwa. Mimi nilipokuwa naenda Timau mara ya kwanza, mama alinipaka kipaji cha uso na viganja, na nilinuka kondoo mpaka Nanyuki. Ukimwambia haya ni mambo ya zamani atakuuliza Samweli alimpaka Daudi nini, juisi?

Bastola ya ndugu yangu ilifanyiwa sherehe ya shukrani. Sikuwapo, nilikuwa na matandiko ya kumaliza. Alichinjwa kondoo. Mchungaji akaombea alichokiita chombo hiki, akala mbavu za kondoo huyo huyo, akaenda zake. Mama alisubiri afike nje ya lango. Kisha akapasha mafuta moto, akakichukua kifuko changu, akakipaka. Alikipaka ndani na nje, akakikanda kwa mikono yake miwili mpaka kikayanywa yote. Na ndugu yangu, yule aliyepiga saluti, alisimama hapo ameinamisha kichwa abarikiwe.

Haya nilikuja kuyajua Agosti, nilipokwenda nyumbani kwa siku nne. Mama mwenyewe alinisimulia Jumamosi tukimenya viazi, akiwa na furaha. Nyumbani tunasema Kiembu. Kiswahili chake ni cha soko na nyimbo za kanisa, kwa hiyo maneno yake hapa nimeyageuza mimi.

"Kile kifuko chako kilikuwa kigumu mno," akasema. "Kingemchubua mtoto kiunoni. Lakini mimi nimekilainisha. Kila mwisho wa mwezi akija nakipaka tena."

Mtoto ana miaka thelathini na sita. Niliweka kisu cha viazi chini. Nilimuuliza mara ngapi. Akasema tangu ile sherehe, hajakosa hata mwezi mmoja. Miezi mitano.

Nilitoka nje nikimtafuta ndugu yangu kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi. Nilimkuta karibu na zizi akiongea kwa simu kuhusu fahali. Nikainua shati lake bila kuomba ruhusa. Kifuko kilikuwa kimekuwa cheusi, kinang'aa kama andazi. Nikamwambia akate simu.

"Toa risasi," nikasema. "Zote. Na iliyo ndani ya mtutu."

"Sista, relax."

"Toa."

Aliona uso wangu akatoa. Akazitia mfukoni, akavuta bastola kuhakikisha ni tupu, akanionyesha. Nikashika mdomo wa kifuko. Miezi mitano iliyopita ungevunja ukucha hapo. Sasa ulilala kwenye kidole changu kama chapati ya jana. Nikamwambia airudishe bastola vile anavyoirudisha siku zote, upesi, bila kutazama. Alirudisha mara ya kwanza, hakuna kitu. Akaanza kutabasamu. Nikamwambia tena. Mara ya pili, hakuna kitu. Mara ya tatu ukingo ulijikunja, naye akasukuma kama kawaida yake.

Tak.

Sauti ndogo. Ng'ombe hakuinua hata kichwa. Lakini ndugu yangu alikuwa amekuwa na rangi ya jivu, na mkono wake ulibaki pale pale kwenye bastola, hajui autoe au auache. Mtutu ulikuwa umeelekea pajani. Kama zile risasi zisingekuwa mfukoni, ningekuwa nimepiga magoti matopeni nikijaribu kuziba mto wa damu kwa kiganja. Kutoka kwetu hadi hospitali ya Embu mtu wa namna hiyo hafiki.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

"Nipe hicho kifuko."

Hapo akaanza maneno. Tusimwambie mathe, yaani mama, vibaya. Mathe ana presha, si unajua. Ataongea naye mwenyewe, polepole, jioni wageni wakienda, kwa sababu mashangazi walikuwa wanakuja kunywa chai. Atamwambia kimechakaa tu. "Wacha nimhandle mathe mimi," akasema. "Wewe ukiongea utaharibu, unajua vile uko." Nami, kwa ujinga ambao ndio peke yake ninaoujutia katika habari hii yote, nikakubali. Nilimwambia asiitie risasi ile bastola mpaka hapo. Akasema sawa. Hakupiga saluti.

Mashangazi wakaja. Nilikuwa natoka jikoni na sinia la vikombe niliposikia kicheko chake, kile kizuri. Shangazi mmoja alikuwa amemuuliza kama kweli anaweza kujitetea au anabeba chuma tu. Nikafika mlangoni nikamwona amesimama katikati ya sebule, ameichomoa bastola, ameielekeza dirishani, anaeleza jinsi ya kufanya. Nilijua mara moja kwamba amezirudisha risasi. Mtu asiye na risasi haishiki bastola kwa heshima namna ile. Mama alikuwa ameketi akimwangalia, mikono magotini, uso wote umefunguka.

Kisha akaanza kuirudisha.

Sikuweza kupiga kelele. Mtu mwenye bastola iliyojaa humshtui. Nilisimama na sinia langu, chai ikimwagika, nikautazama ule ukingo mweusi ukianza kuinama. Akaniona. Macho yetu yakakutana, na mkono wake ukasimama katikati ya safari. Akaiacha bastola imekaa nusu ndani, nusu nje, akalishusha shati juu yake, akaketi kwa uangalifu kama mtu mwenye jipu. Shangazi akasema ni mwanamume kamili sasa. Mama akasema Amina.

Naomba ieleweke. Alijua. Wakati ule alijua kama nilivyojua mimi, na akachagua kuhatarisha uhai wake kuliko kumwambia mama kwamba mafuta yameharibu ngozi. Nilikasirika mpaka meno yakauma. Watu wakaenda zao. Sikusikia neno lolote likisemwa kuhusu kifuko. Nilimtazama akila mukimo wa mama, vile viazi vikiwa vimepondwa, akasifia, akaomba aongezewe.

Asubuhi ya Jumapili bastola ilikuwa imefungiwa kwenye sanduku lake la chuma, kama sheria inavyotaka, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Yeye alikuwa bafuni anaimba. Kifuko kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari ukutani, na mama alikuwa amekipaka tena alfajiri, maana ilikuwa mwisho wa mwezi. Mafuta yalikuwa bado hayajakauka. Nilikitoa, nikakilaza mezani, nikachukua kisu changu kwenye begi. Nilidhani itakuwa kazi. Ngozi ya kifuko kilichokauka vizuri hupigana na kisu. Hiki kilikatika kama ini. Vidole vyangu gumba vilikuwa vimezunguka bastola ile siku nzima katika baridi ya Timau, na sasa hapakuwa na hata alama moja ya kazi hiyo. Nililia, sitaficha, lakini yalikuwa machozi ya hasira.

Mama aliingia na chupa ya chai. Akasimama. Akatazama kisu, akatazama vile vipande, akanitazama mimi.

"Umekata mkono wangu," akasema.

Hakupaza sauti. Ndugu yangu akatokea na taulo begani, sabuni bado sikioni. Akaona. Nilimpa nafasi. Nilimtazama na kusubiri aseme sentensi moja tu: mama, jana bastola ilifyatuka ikiwa tupu. Haikuhitaji hata kutaja nani amekosea.

"Sista," akasema, "umefanya nini?"

Akamshika mama mabega, akamkalisha. "Amekuwa na hasira tangu jana," akamwambia. "Sijui ni nini inamsumbua huko Timau."

Nilivaa viatu nikaondoka kabla ya kanisa. Sikuwaaga. Nilipofika stendi nilikuta bado nimeshika kisu mkononi, na watu walikuwa wananipisha.

Baada ya hapo nikawa kisa. Mama hakunilaani, mama si mtu wa kulaani. Aliacha tu kupokea simu zangu, na salamu zake zikawa zinakuja kwa kinywa cha shangazi. Akina mama wa chama walifunga siku moja kuniombea nitokwe na roho ya hasira. Mchungaji alinipigia simu nikiwa naloweka tandiko, akaniambia hasira ni hasara, kama mtu aliyeutunga msemo huo usiku uliotangulia. Nilimuuliza kama mbavu za kondoo zilikuwa tamu. Hakupiga tena.

Wiki mbili baadaye ndugu yangu alitoka sokoni Muthara akazunguka mpaka Timau, akasimama mlangoni pa kibanda changu na kile kifuko cha turubai kiunoni. Sikumsalimu.

"Umemwambia?"

"Bado. Natafuta wakati mzuri."

Nilimtukana kwa Kiembu, Kimeru na Kiswahili, na mteja aliyekuwa akingoja mshipi akaamua kurudi kesho. Nilipomaliza nikabandika maji jikoni. Ungefanya nini wewe? Paja halina adabu wala halina utovu wa adabu, ni paja tu, na nililibeba mgongoni kabla halijajua kutembea. Nikamshonea kingine. Nilikanda kutwa nzima naye akaikalia bastola yake, na kilipokauka nilimpelekea kwa mtu, pamoja na karatasi yenye maneno matatu: hakuna mafuta, mbwa.

Mwezi uliofuata shangazi akanipigia. Alikuwa na habari njema, alisema, nisijisikie vibaya tena kwa yale niliyofanya, kwa kuwa ndugu yangu amejinunulia kifuko kingine Nairobi. Kizuri ajabu. Kigumu, kimekaa kama ganda la kobe, si kama kile changu kilicholegea upesi. Na mama alipotaka kukipaka mafuta, ndugu yangu alimzuia, akamwambia wenye duka la Nairobi wamekataza kabisa. Mama amekubali. Watu wa Nairobi, shangazi akasema, wamesomea.

Nilikaa chini sakafuni kwenye vipande vya ngozi. Mwongo yule alikuwa ametimiza sharti langu mwishowe. Alikuwa salama. Alikuwa ameokolewa na mikono yangu mara mbili, na mara zote mbili alikuwa amefuta jina langu.

Desemba ndugu yangu alipata mtoto wa kike, na nikaitwa. Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu ni mtoto wa kwetu na hana kosa. Mama alikuwa ameketi jikoni karibu na moto, kile kibuyu mapajani, akipasha mafuta kwenye kifuniko cha sufuria. Vidole vyake vimevimba viungo siku hizi, haviwezi kukunjika vizuri. Alichovya kimoja, akampaka mtoto kipaji cha uso, kifua, viganja, polepole, akinong'ona. Mtoto akaacha kulia. Ndugu yangu alikuwa ameketi kigodani upande wa pili, kifuko changu kiunoni, mdomo wa ngozi wazi kama inavyotakiwa.

Mama akamaliza. Akajipangusa mikono kwa khanga, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti akanisemesha mimi mwenyewe.

"Nataka uniambie," akasema. "Kwa nini ulikikata?"

Ndugu yangu alitazama ndani ya kikombe chake. Nilimngoja. Nilimngoja muda mrefu kuliko ule wa kwanza, muda wa kutosha kunywa chai na kuosha kikombe. Hakuinua uso.

Nami nikaitazama ile mikono. Ilikuwa bado inang'aa. Ningemwambia ukweli, asingempaka tena mtoto yeyote maisha yake yote. Angekaa hapo kila siku akihesabu mara zote alizokipaka, na kila mara angemwona mwanawe amelala kwenye damu iliyotoka mikononi mwake. Yeye ndiye angebaki na kosa. Ndugu yangu angebaki na kicheko.

"Nilikuwa na hasira, mama," nikasema.

"Hasira tu?"

"Hasira tu."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akachovya tena kidole kwenye mafuta. Akaniinamia akanipaka kipaji cha uso.

"Basi, mwanangu," akasema. "Nimekusamehe."

"Amina," akasema ndugu yangu.